Kuuza na kununua umeme wa maji nje ya mipaka: je, TANESCO igawanywe kwanza?

Mdau wa Nishati, Arusha (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa umeme unaozalishwa kusini hupotea sana njiani kabla ya kufika huku. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi fahari ya taifa: iweje nchi iliyojenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 inunue umeme kwa jirani? Kwangu mimi hilo si tatizo, kwa sababu nchi inaweza kuuza upande mmoja na kununua upande mwingine ikapata faida kote kuwili, na njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Babati, Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya imekwisha kujengwa.

Ninachouliza kinahusu kanuni. TANESCO, shirika la umeme la Serikali, ndiyo mzalishaji mkubwa, mmiliki wa njia za kusafirisha, mwendeshaji wa gridi na msambazaji. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mkakati wa mageuzi wa kufikia 2025, uliokusudia kutenganisha shughuli hizo hatua kwa hatua. Muda huo umekwisha na shirika bado ni moja. Je, tunaweza kufanya biashara ya kweli ya umeme wa maji na majirani bila utengano huo, au njia, mikataba na mita za mpakani zinatosha?

Mchambuzi wa Sera, Dodoma

Ndugu mleta mada, utengano kamili si sharti la kuanza. Uganda iliiuzia Kenya umeme wa Maporomoko ya Owen tangu miaka ya 1950, miongo kadhaa kabla ya kuligawa shirika lake mwaka 2001 kuwa kampuni tatu za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Huko kusini, umoja wa gridi unaoitwa SAPP ulianzishwa mwaka 1995 na mashirika ambayo mengi yalifanana na TANESCO, likiwamo ZESCO la Zambia, na ilipofika 2009 yalikuwa na soko ambamo kila mshiriki hutangaza leo kiasi na bei ya umeme wa kila saa ya kesho. Walichohitaji ni kanuni za pamoja, utaratibu wa kulipana na mahali pa kupeleka mgogoro.

Hata kwetu, Kagera imepata umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na Sumbawanga imepata wa Zambia. Ninaogopa kwamba tukisubiri shirika ligawanywe, tutasubiri miaka kumi mingine huku nyaya zikining'inia bila kazi.

Mhandisi wa Gridi, Iringa

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu kuanza, lakini mifano ya Kagera na Sumbawanga haitufikishi mbali. Huko eneo la mpakani lilipokea umeme wa jirani kwa sababu Gridi ya Taifa haikuwa imelifikia. Biashara inayozungumzwa sasa ni ya gridi kwa gridi, na kiini chake ni maji.

Tukumbuke Machi 2024. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliingia kwenye gridi mwezi Februari, mvua za El Niño zikajaza mabwawa, na TANESCO ikalazimika kuzima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulizidi mahitaji. Mwishoni mwa Februari hiyo, Zambia ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na Ziwa Kariba, linaloendesha mitambo yao ya umeme, lilishuka hadi wananchi wa huko wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Mvua ileile iliyotufurikia sisi ndiyo iliyowakosa wao, kwa kuwa El Niño kwa kawaida huleta mvua nyingi Afrika Mashariki na ukavu kusini. Njia ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo itatuunganisha na Zambia, haikuwa imekamilika. Uniti ambazo zingewaka Lusaka hazikuzalishwa kabisa. Jambo hili linaniumiza kila ninapolifikiria.

Kaskazini hali ni tofauti, na ina faida yake. Mvua kubwa za nyanda za juu za Ethiopia hunyesha kati ya Juni na Septemba, wakati ambapo mito inayolisha Bwawa la Nyerere kwenye Mto Rufiji, yaani Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, inapungua maji. Kila uniti itakayonunuliwa Ethiopia miezi hiyo ni maji yanayobaki katika bwawa letu kwa ajili ya Oktoba na Novemba, miezi ambayo mgawo wa umeme umetutesa mara kwa mara. Ndiyo maana nasema mnunuzi mwenye bwawa kubwa si mnyonge, kwani anaweza kuchagua saa ya kununua na saa ya kuuza.

Lakini nani anachagua? Saa kwa saa, uamuzi wa kuzungusha mitambo au kununua kwa jirani unafanywa na chumba cha kuongozea gridi, ambacho leo ni idara ndani ya shirika linalomiliki mitambo hiyo hiyo. Hata wataalamu waadilifu kabisa watavutwa na hesabu za mwajiri wao. Hapo ndipo ninapodai mageuzi, na si lazima yaguse nguzo na transfoma za mitaani.

Wakili wa Udhibiti, Dar es Salaam

Mhandisi ameligusa penyewe, nami naongeza upande wa sheria. Umeme wa Ethiopia husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Suswa nchini Kenya, kisha hupita katika njia za Kenya kabla ya kufika Namanga, na Kenya ina haki ya kudai tozo ya kupitisha. Kesho sisi wenyewe tutakuwa wapitishaji, kwa sababu njia ya Zambia ikikamilika, Tanzania ndiyo itakayounganisha gridi za mashariki na za kusini mwa Afrika. Nafasi hiyo ina thamani kubwa, lakini mwenye umeme wa kupitisha hatapita kwetu ikiwa tozo inapangwa na shirika ambalo pia linashindana naye kuuza umeme uleule kwa mteja yuleyule.

Kwa hiyo ningeanza na hesabu. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iitake TANESCO iandike hesabu za usafirishaji mbali na za uzalishaji na usambazaji, kisha itangaze hadharani tozo ya kusafirisha kila uniti na kanuni ya kugawa nafasi katika njia za mpakani. Baada ya hapo mwendeshaji wa gridi awe kampuni ya umma yenye bodi yake. Sioni sababu ya kuibinafsisha. Kenya ilitenga KenGen ya uzalishaji, Kenya Power ya usambazaji na KETRACO ya usafirishaji, na sehemu kubwa ya mali bado iko chini ya Serikali.

Mdau wa Nishati, Arusha (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba kinachotakiwa kutengwa mapema ni mwendeshaji wa gridi. Limebaki jambo moja ambalo wananchi watatuuliza: tukiuza nje kwa bei nzuri, je, bei ya ndani haitapanda kuifuata?

Wakili wa Udhibiti, Dar es Salaam

Inaweza kupanda, ikiwa mikataba itafanywa siri. Mteja mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, bei ambayo haitoshi gharama halisi na hufidiwa na wateja wengine. Kanuni ziseme wazi kwamba kinachouzwa nje ni ziada iliyothibitishwa na mwendeshaji baada ya mahitaji ya ndani kutimizwa, isipokuwa pale penye mkataba wa muda mrefu uliopitishwa na EWURA baada ya kusikiliza wananchi. Mapato ya mauzo yaandikwe katika hesabu ya peke yake, na EWURA iyatumie yote inapopanga bei. Malipo yatakuwa kwa dola, kwa hiyo mkataba useme pia ni nani anayebeba hasara shilingi ikishuka. Wasipoliandika hilo mapema, hasara itaingizwa katika bei za ndani na kumwangukia mteja ambaye hakushirikishwa.