Naomba ushauri: kalamu ya wino ya marehemu baba imekwama

Wakuu, habari. Baba aliniachia Montblanc 149, ile nene nyeusi yenye alama nyeupe kama nyota kwenye kifuniko. Miaka yote nilijua ni ya Uswisi, kumbe hutengenezwa Hamburg, Ujerumani. Ule mlima Mont Blanc wa Alps ni jina tu.

Imelala droo muda mrefu, wino umegandia ndani. Kile kitako cha kuzungusha ili ivute wino hakisogei hata kidogo. Juzi tena ikaniponyoka, nibu (ncha ya kuandikia) ya dhahabu ikapinda. Nimeiloweka kwenye maji ya baridi siku mbili, inatoa ubuluu tu. Fundi saa mmoja Kariakoo akachomoa koleo, nikampokonya haraka!

Je, Dar kuna fundi wa kalamu hizi, au niitume Ujerumani? Aliyewahi kutuma, forodhani ilikuwaje wakati wa kurudi?