Tupeane uzoefu: nguo kuukuu uliyoiokoa kwa sindano yako mwenyewe

Mama Wawili, Mbagala

Habari za Jumapili. Januari imenikuta na watoto wawili wa kuvalisha na pesa ya sare moja. Mkubwa nikamnunulia, maana sketi ilishapanda juu ya magoti na yeye ni msichana wa darasa la sita. Mdogo nikaamua kumrekebishia ile ile kaptula ya bluu ya mwaka jana, iliyotoboka makalioni kwa mchezo wa kuteleza kwenye kifusi. Matundu mawili, kila upande moja. Nikakata viraka viwili vya duara, nikashona kwa mkono, uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwepo kwenye kopo. Kwa macho yangu ilipendeza.

Jioni karudi amefunga sweta kiunoni. Sweta, Dar, Januari! Nikamfungua. Kumbe darasa zima wanamwita Miwani.

Nani humu ameokoa nguo nyumbani ikavalika kweli mbele za watu? Na ile iliyoshindikana uliifanyia nini? Msiniambie nipeleke kwa fundi. Nilipeleka gauni Novemba, mpaka leo naambiwa "dada, njoo kesho asubuhi".

Babu Bugaluu, Musoma

Mwanangu, mpe pole Miwani. Sisi darasa zima tulikuwa na miwani, hakukuwa na wa kumcheka mwenzake.

Nazungumzia 1982, 1983. Vita vya Kagera vilishaisha lakini maduka yalikuwa hayajapona. Kitambaa kilikuja kwa mgawo, na ukisikia kimekuja ujue kimeshakwisha. 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, hata waliokuwa nacho wakakificha. Mitumba hii mnayochagua sokoni mkiitupa huku na huku ilikuja kuenea baadaye, biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na zaidi Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata.

Baba alikuwa na suruali ya bugaluu ya tetroni, rangi ya kahawia, ya enzi za ujana wake. Mguu wa bugaluu pale chini ni mpana kama sketi. Mama akaikata magotini. Ya juu ikabaki kaptula ya baba ya shambani. Ile miguu miwili ya chini ikanitosha kaptula nzima pamoja na mifuko, na ujanja ulikuwa huu: mishono ya pembeni ya bugaluu aliiacha ilivyo ikawa mishono ya pembeni ya kaptula yangu, na pindo la baba likawa pindo langu. Alichoshona ni katikati, kiunoni na mifuko tu. Mstari wa pasi ya mkaa ulikuwa umeshaingia kwenye kitambaa moja kwa moja, kwa hiyo nikawa mtoto pekee kijijini mwenye kaptula iliyonyooshwa daima, hata ikitoka kupondwa ziwani. Niliivaa miaka mitatu, ikaenda kwa mdogo wangu, naye akaiacha ikiwa nzima.

Ninachokumbuka zaidi, mama hakuanza na mkasi. Alitandika nguo mkekani, akaizunguka hata siku mbili, anapitisha kiganja kutafuta mahali ambapo bado pana nguvu. Ninyi mnaanza na mkasi.

Fundi Pindo, Morogoro

Shikamoo babu. Hapo kwenye kiganja umemaliza.

Dada Mama Wawili, usikasirike, lakini kiraka cha duara makalioni kinajitangaza. Jicho linafuata ukingo. Kwa hiyo ukingo uufiche ndani ya mishono iliyopo tayari. Fumua mshono wa nyuma na wa pembeni, weka kipande kimoja kikubwa kwa ndani kinachoanzia mshono hadi mshono, kisha rudishia mishono yako kama ilivyokuwa. Pale penye tundu pitisha cherehani kwenda na kurudi, mistari imekaribiana, mpaka zile nyuzi zilizolegea zishikwe zote. Cherehani hizi nyeusi za mshono ulionyooka zinatosha kabisa. Uzi uwe wa bluu, na ukikosa rangi yenyewe chukua iliyokolea kidogo kuliko nguo, usichukue iliyopauka.

Kitambaa utatoa wapi? Kwenye nguo yenyewe. Mfuko wa nyuma una kitambaa kile kile, kimefuliwa mara zile zile, kimepauka vile vile. Ubandue, nguo ibaki bila mfuko wa nyuma, nani atauliza? Ukitumia kitambaa kipya kifue kwanza, la sivyo kitarudi baada ya kushonwa na kuikunja nguo yote kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Jinzi zinazolika mapajani ni hivyo hivyo, ila usisubiri tundu. Ishike kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya pale zinaposuguana, tia kipande cha ndani siku hiyo hiyo. Sindano namba 16, ile ya kawaida itavunjika.

Na kuhusu "njoo kesho", naomba radhi kwa niaba ya mafundi. Kiraka kinalipa kidogo na kinakula muda kuliko mshono mpya, ndiyo maana kinasukumwa chini ya meza. Si uungwana, lakini ndivyo ilivyo.

Kapera wa Hosteli, Dodoma

Mimi naleta uzoefu wa upande wa pili. Jinzi ilichanika kidogo juu ya goti nikiwa natoka kwenda kufanya uwasilishaji darasani. Sindano sina. Nikachukua supagluu nikamimina pale pale, suruali ikiwa mwilini.

Ndugu zangu, gundi ile ikikutana na pamba inachemka! Moshi ulitoka. Niliivua suruali kwenye korido mbele ya wadada wa ghorofa ya pili. Kovu lipo mpaka leo, ukubwa wa shilingi mia.

Fundi Pindo, Morogoro

😂 Pole mdogo wangu. Sindano na uzi havifiki hata bei ya hiyo gundi.

Bi Leso, Mombasa

Nyinyi wa bara mwasema kanga, sisi twasema leso, lakini safari yake ni moja. Ikiwa mpya huvaliwa harusini. Ikipungua rangi huwa ya kutokea sokoni, kisha ya jikoni, kisha ya kulalia. Hapo ndipo huwa laini kabisa, na hapo ndipo huanza kazi zake za maana: ubeleko, nepi, kitambaa cha kuchujia tui, kata ya kuwekea mzigo kichwani. Mwisho wake ni tambara la kupigia deki. Mimi kumtilia mtoto mchanga nepi mpya ya dukani huona kama dhuluma, ngozi yake yataka kitu kilichofuliwa mara mia.

Nalikuwa na leso imeandikwa WEMA HAUOZI. Siku ya kuikata sikuangalia maandishi, nikapasua katikati. Kipande cha WEMA kikaenda jikoni kwenye nazi. HAUOZI nikamkunjia mjukuu nepi, maandishi yakamkaa matakoni. Babake alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini nililotaka kusema ni shuka. Shuka huoza katikati tu, pale mtu anapolala. Kando zote mbili hubaki nzima. Basi ipasue katikati kwa urefu, zile kando mbili zigeuze zikutane katikati, uzishone, halafu zile sehemu kuukuu zilizohamia pembeni uzipige pindo. Umepata shuka nyembamba kidogo, lakini ya miaka mingine miwili mitatu. Na shati la mwanamume lililochakaa kola ni foronya. Kata mraba sehemu ya kifuani na mgongoni, shona pande nne zote, mto huingilia kwenye vifungo. Vifungo vipo, vitundu vipo, hukufanya kazi.

Fundi Pindo, Morogoro

Shikamoo bi. Shuka nakubali, ila huo mshono wa katikati utamkereketa mtu mgongo usiku kucha. Ukunjwe ukingo mmoja ufunike mwenzake, ulazwe, upigwe mara ya pili. Ukipitisha kidole usisikie tuta.

Shati sikubali! Kola ikichakaa si mwisho wa shati. Fumua pale kola inaposhikana na ule ukanda wa shingo, igeuze, upande wa chini ambao haujawahi kuona jasho uje juu, rudishia. Jino kwa jino kwenye mishono ya zamani, matundu ya sindano yatakuongoza. Ila ni mara moja tu kwa maisha ya shati. Likichakaa tena ndio libebe mto wa bi mkubwa.

Bi Leso, Mombasa

Marahaba. Na wewe waringa.

Dada wa Rotterdam

Nawasoma kutoka kwenye baridi. Huku kuna mahali watu wa kujitolea wanakaa Jumamosi na cherehani na bisibisi, unaleta kitu chako kibovu mnakitengeneza pamoja, bure. Wanaita Repair Café, ya kwanza ilianzia Amsterdam 2009. Nilipeleka koti lenye zipu inayofunga chini na kuachia nyuma. Nilidhani zipu nzima itabadilishwa. Mzee mmoja akachukua koleo, akakibana kile kichwa cha zipu pande zote mbili, taratibu, kidogo tu. Ikashika. Kichwa kikilegea meno hayakutani, ndiyo siri yote. Nilikuwa nimeshatafuta koti jipya kwenye simu.

Mama Wawili, mwanao anaendeleaje?

Mama Wawili, Mbagala

Wapendwa, asanteni. Mrejesho.

Jana usiku nilifumua miwani. Mfuko wa nyuma nikaubandua, kweli rangi ni ile ile mpaka nilistaajabu. Mfuko mmoja haukutosha kutoka mshono hadi mshono, nikaunga kipande cha sketi ya dada yake iliyomkataa. Cherehani ya jirani, uzi wa bluu, kwenda na kurudi kama alivyosema fundi. Ukikaribia unaona mistari. Ukiwa mbali kama mwendo wa dawati mbili huoni kitu.

Leo kaenda nayo. Sweta kalichukua, ila lilikuwa ndani ya begi. Nimemuuliza wamemwitaje. Kasema Miwani ni jina lake sasa, ameshalizoea, wala hataki liondoke, kuna mwenzake anaitwa Kandambili.

Nikapata kichwa, nikafuata shati la baba yao la kazini, nikafumua kola. Imetoka vizuri. Sasa nimeigeuza, naona ncha moja imekuwa ndefu kuliko mwenzake na yeye anaamka saa kumi na moja. Fundi, bado uko macho?