Msaada: maneno ya kumtaja mwanamke kutoka Kiingereza kwenda Kicheki

Mpare wa Brno (mleta mada): Habari zenu wakuu. Niko Brno, Jamhuri ya Cheki, mwaka wa pili sasa, na Kicheki changu ni cha kununulia mkate. Nina maandishi mafupi ya Kiingereza, nataka yakae kwa Kicheki cha heshima, ila maneno ya kumtaja mwanamke yamenishinda. "Woman" wanasema žena, lakini žena huyohuyo ndiye mke. "Girl" nimekuta holka, dívka na děvče. "Lady" kuna dáma na paní. Lipi la heshima, lipi la kijiweni? Nijibuni leo jamani, usingizi sipati.

Mama Karafuu: Pole mwanangu. Unamwandikia nani? Neno la kumwita mwanamke hulijui mpaka ujue anayeitwa.

Mpare wa Brno: Shughuli ya kawaida tu mama. Siku ya wanawake, 8 Machi.

Otis Nairobi: Hayo yako afadhali. Mimi nilifika Dar kikazi, nikawatangazia wenzangu kwa furaha kwamba bibi yangu amejifungua mtoto wa kiume. Kimya! Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Bibi yako ana miaka mingapi?" Kwetu bibi ni mke, kule ni mama yake mama. Kiswahili kilekile!

Mzee wa Praha: Kijana, mimi nilisoma Praha, Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kile walichokifungua 1961 kwa ajili yetu wageni na kukifunga 1974. Paní ndilo neno lako la kila siku: mwalimu, jirani, mama wa dukani, wote paní. Dáma ni la kumsifia mtu, humwiti nalo kaunta. Holka ni la mazungumzo, halina tusi. Dívka ni la kwenye maandishi. Děvče ni zuri pia, ila halimo kwenye ngeli ya kike: mwanamke "byla", děvče "bylo", kama vile sisi tungesema kitoto kilikuwa. Ženská ni la mdomoni, usimwandikie mtu. Na sokoni muuza nyanya atamwita mama wa miaka sitini "mladá paní", bibie kijana, na mama atacheka na kununua.

Dada Zuu: Mimi nasema peleka maua. 8 Machi wazee wa kule wanaikumbuka kwa mikarafiati, tangu enzi za chama cha kikomunisti. Hesabu iwe witiri: tatu, tano, saba. Shufwa ni ya msibani. Na mlangoni uvue viatu.

Mama Karafuu: Maua tumeyasikia. Mpare, swali langu hujalijibu. Nani?

Mpare wa Brno: Basi nifunguke. Ni mama mzazi wa mchumba wangu. Jumapili naenda kula kwao kwa mara ya kwanza. Na kadi nimeshaituma tangu Alhamisi. Nilianza kwa "Vážená slečno", kwa sababu jina la ukoo la baba halifanani na la mama, la mama lina -ová mwishoni, nikajua hawakufunga ndoa. Halafu nikaandika: "Vaše dcera je hodná děvka." Nilitaka kusema binti yenu ni msichana mwema. Holka niliona la mtaani, na kamusi yangu ya mtumba inasema děvka ni msichana. Imechapishwa kabisa, sikubuni. Nimeona ninyamaze tu, huenda hataligundua.

Mzee wa Praha: Ewe Mola. Kijana, děvka zamani lilikuwa msichana, au mtumishi wa kike wa shambani. Leo ni malaya. Umemwandikia mama kwamba binti yake ni malaya mwema. Na -ová ni alama ya mwanamke tu: mume Novák, mke Nováková, binti Nováková, ukoo mmoja. Tangu 1 Januari 2022 sheria inamruhusu kila mwanamke kuiacha, lakini mama wa rika hilo mara nyingi anayo. Slečna ni ambaye hajaolewa. Yaani mstari wa kwanza umemvua ndoa, wa pili umemtukania mtoto.

Fundi Saa: Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Mtu ana mchumba Mcheki, analala na kuamka naye kwenye simu, halafu neno moja la Kicheki anakuja kutuuliza sisi wa Kahama? Kwa nini hukumuuliza yeye?

Dada Zuu: Hata mimi nimejiuliza. Weka picha ya kadi.

Mpare wa Brno: Kadi iko posta, picha nitoe wapi? Sikumuuliza kwa sababu tangu tujuane tunaongea Kiingereza, na kila fomu, kila barua ya ofisi ananisomea yeye. Nilitaka kitu kimoja mama yake akipokee kutoka mkononi mwangu mwenyewe. Niliiandika mara nne ili herufi zenye vikofia zikae sawa. Kuamini ama kutoamini ni kwako, Fundi.

Mama Karafuu: Hayo ya mara nne hayatungwi. Mwanangu, mwambie mchumba wako usiku huuhuu, asije akaambiwa na mama yake.

Mpare wa Brno: Atajisikia vibaya mama. Nilifikiri nitume kadi ya pili, ya kwanza isemekane imepotea.

Mama Karafuu: Usiku huuhuu.

Mpare wa Brno: Nimemwambia. Alikaa kimya, akaniomba nirudie sentensi polepole, akaziba mdomo kwa viganja. Kisha akampigia mama yake. Mama alishaifungua jana, akamwonyesha baba, hawakujua waanzie wapi. Amesema Jumapili niende saa sita, na hiyo kamusi niende nayo.

Mzee wa Praha: Mlangoni sema "Dobrý den, paní" na jina lake kamili, pamoja na -ová. Lifanyie mazoezi kwenye treni.

Fundi Saa: Nimeifuta chai yangu mkuu. Mrejesho Jumapili jioni. Mikarafiati iwe saba.