Tupeane uzoefu: tepu za bakapu zinazojaa kabla ya wakati

Fundi_Seva: Wakuu habari za jioni. Leo nimepita chumba cha seva cha watu fulani, nikakuta maboksi ya LTO-6 (tepu za kuhifadhia nakala za data, kizazi cha sita), kila kaseti imeandikwa 6.25 TB, na kijana wa IT analalamika zinakata kwenye 2.5 kama zimerogwa. Nimekumbuka mbali. Waliowahi kukesha na tepu, mlikutana na nini na mkatatuaje? Wale wa "hamia kwenye wingu" mtusamehe, leo si zamu yenu.

Mama_Rack: Hiyo 6.25 imewaponza wengi. Uwezo wenyewe wa LTO-6 ni 2.5 TB. Iliyobaki ni matarajio ya watengenezaji kwamba data yako itabanika, yaani drivu (mashine ya kuandikia tepu) itaipunguza ukubwa, mara mbili na nusu. Kwenye LTO-5 walitarajia mara mbili tu, 1.5 ikawa 3. Na ukichomeka kaseti ya LTO-5 kwenye drivu ya LTO-6 inaandika vizuri tu, ila ni 1.5 ileile. Nimeona mtu anafungua drivu kwa bisibisi kumbe kaseti ni ya kizazi cha nyuma.

kipara_ilala: Nakazia hapo kwenye bisibisi.

NungwiNet: Sisi huku mkubwa aliamuru video zote za kamera za ulinzi ziende kwenye tepu. Video imeshabanwa tangu ndani ya kamera, drivu ikamue nini tena kwenye nguo iliyokwisha kamuliwa? Picha za JPEG, zip, mp4, zote ndiyo hivyo. Tulipoacha video upande na kupeleka barua pepe na hifadhidata ya uhasibu, tepu ikaanza kupokea karibu mara mbili. Hatukugusa hata waya mmoja.

Zamu_ya_Usiku: Yangu ni ya hospitali, siitaji jina. Tulikuwa tunahifadhi picha za CT na eksirei, mwanzoni bila kubanwa, na tepu moja ilitosha na nafasi ikabaki. Wakaja wataalamu wa mfumo wa picha wakaweka toleo jipya. Kwenye mipangilio mipya kila picha ikawa inahifadhiwa kwa JPEG 2000, yaani imeshabanwa. Diski zikapata nafuu, wakazijaza picha nyingine za miaka ya nyuma, kila mtu akafurahi, sisi wa bakapu hatukuambiwa. Tangu usiku huo tepu inajaa njiani, programu inaandika "weka tepu nyingine" na kusubiri. Saa nane usiku atamwekea nani, mlinzi? Muda ukipita kazi inajifuta. Asubuhi wa zamu anakuta kaseti imetemwa, anaiweka kabatini, anaandika daftarini BAKAPU OK kwa kalamu nyekundu.

Siku ya siku umeme ukakatika, betri za UPS zimechoka, jenereta ikachelewa. Uliporudi, diski mbili kwenye RAID 5 hazikuamka. Mnajua maana yake: RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja tu, zikifa mbili data yote imekwenda. Daktari wa mionzi anapiga simu: kuna mgonjwa wa kichwa anaingia upasuaji asubuhi, anataka kulinganisha na CT ya mwezi uliopita. Napakia tepu ya mwisho, inasoma safi kabisa, folda zinashuka mwaka kwa mwaka... kisha kimya. Mwisho wa tepu. Folda zimepangwa kwa mwaka, kwa hiyo kilichokuwa kinabaki nje kila usiku ni picha mpya kuliko zote.

Nimefika kituoni, nitamalizia nikifika nyumbani.

kipara_ilala: We dada rudi hapa!!

Mama_Rack: Mgonjwa alipona? Anzia hapo.

DotCom_Kijana: Ndiyo maana nasema tepu ni mambo ya kale. Mngekuwa kwenye wingu yasingetokea.

Fundi_Seva: Nilijua utakuja. 2.5 TB kwa intaneti ya megabiti 20 ni zaidi ya siku 11 laini isikatike hata dakika. Na mwaka 2011 Google yenyewe ilipopoteza barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, ilizirudisha kutoka wapi? Kwenye tepu.

DotCom_Kijana: Mzee, 2011 nilikuwa shule ya msingi.

Fundi_Seva: Inaonekana.

Wakoli_254: Huku Kenya tatizo letu lilikuja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkaguzi akataka kila tepu iwe imesimbwa, isisomeke bila ufunguo, mwenzetu akawasha usimbaji ndani ya programu ya bakapu. Kutoka hapo data ikawa haibaniki kabisa. Data ikishasimbwa haina tena mrudio wowote, na drivu hubana kwa kutafuta yanayojirudia. Dawa ni kuiachia drivu isimbe yenyewe: LTO kuanzia kizazi cha 4 zinaweza, kwa mbinu ya AES ya biti 256, na zenyewe hubana kwanza ndipo zisimbe. Ila funguo usiziweke kwenye seva ileile unayoilinda, utalia.

Babu_DAT: Zimeni kubana kwa programu, acheni drivu ibane. Ukiwasha kote kuwili data inavimba.

Mama_Rack: Inavimba kwenye hizo DAT zako, tepu za zamani, babu. Drivu ya LTO ikiona data haibaniki inaipitisha ilivyo. Na kama mtandao wenu ni wa kobe, kubana kwenye seva kabla ya kutuma ni bora.

Babu_DAT: Nimeanza kazi hii hujazaliwa.

Mama_Rack: Shikamoo. Lakini inapitisha ilivyo.

vumbi_la_dom: Jamani si kila mara ni data. Sisi tepu ilikuwa inaishia 1.9, chini ya uwezo wenyewe. Hapo kubana hakuhusiki. Jirani walikuwa wanajenga, vumbi lote linaingia chumba cha seva. Kichwa kikichafuka, drivu inakosea kuandika, inarudia sehemu ya mbele ya utepe, nafasi inaliwa kimyakimya. Tukapitisha kaseti ya kusafishia, ikarudi. Sasa tunasafisha kila Ijumaa.

Wakoli_254: Kila Ijumaa mnakwangua kichwa bure. Subiri taa ya kusafisha iwake.

kipara_ilala: Spiriti na pamba.

Mama_Rack: Mtu asimsikilize huyu.

Fundi_Seva: Kabla hujalaumu chochote andika data nasibu (isiyobanika) kutoka /dev/urandom ya Linux, iweke kwanza kwenye faili maana ukiisoma moja kwa moja inaweza kuwa polepole. Rudia faili hilo mpaka tepu ijae. Ikifika karibu 2.5, tepu na drivu ni wazima, shida ni data yako. Ikiishia mbali chini ya hapo, tafuta uchafu au kaseti mbovu. Na msishtuke programu ikionyesha 2.27, inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Halafu endesheni amri ya tapeinfo, angalieni DataCompEnabled, inayoonyesha kama drivu inabana. Ikisema no, basi washeni kwa mt -f /dev/nst0 compression 1.

NungwiNet: Mwenzetu alijaribu kwa /dev/zero, inayotoa sifuri tupu zinazobanika kupita kiasi. Akaondoka kazini tepu bado inakula tu, akaandika ripoti kwamba tumenunua tepu isiyojaa.

Zamu_ya_Usiku: Nimerudi. Ile CT tuliipata: mashine yenyewe ya CT huwa na diski yake, na picha za karibuni zilikuwa hazijafutwa. Fundi wa mionzi akazituma upya usiku kucha, mgonjwa akapasuliwa akatoka salama. Zilizokwisha kufutwa kwenye mashine ilibidi tuwapigie wagonjwa walete zile CD walizopewa. Mama mmoja alikuwa ameitundika yake shambani kufukuzia ndege. Ilisoma.

kipara_ilala: 😂😂 Mwenye LTO-6 mpya Dar anaziuza bei gani? Boksi lisilofunguliwa tafadhali.

vumbi_la_dom: Njoo PM. Tatu zimefunguliwa ila ni safi.