Fundi wa kuchomelea, nataka kuhamia uzamiaji wa kibiashara: nianzie wapi?

Welda_Kurasini: Wakuu, habari. Nina miaka 31, nachomelea matrela, matangi na vyuma vya boti hapa Dar. Nina cheti cha kuzamia kwa starehe, mwisho mita 18. Nafikiria kuuza mashine nilipie chuo nje, nirudi nichomelee chini ya maji. Naomba ushauri.

Mtu_wa_Gati: Mashine usiiuze bado, mkuu. Anza na daktari anayejua tiba ya uzamiaji akupime mapafu, moyo, usikivu, na kama masikio yanasawazisha presha. Welda aliyevuta moshi miaka mingi apime mapafu kwa makini. Ukikwama hapo, ada ya chuo imepona.

Hicho cheti hakikuingizi kazini. Huku hewa inatoka juu kwa bomba, umevaa kofia ngumu yenye simu, na mtungi mgongoni ni wa dharura tu. Timu ndogo kabisa kwa viwango vya IMCA (chama cha kimataifa cha wakandarasi wa baharini) ni watu watano: msimamizi, mzamiaji, mzamiaji wa akiba, na mshika bomba kwa kila mmoja wao. Ukienda Afrika Kusini, uliza cheti cha uzamiaji cha Daraja la 2, hewa inayotoka juu kwa bomba, hadi mita 50. Daraja la 4 ni la mtungi, wengi hulinunua kwa sababu ya bei kisha milango inafungwa.

Arki_Majini: Kuchomelea ni sehemu ndogo ya kazi. Siku nyingi utakwangua chaza kwenye meli, utabadilisha zinki (vipande vinavyokinga meli na kutu), utakagua nguzo za gati kwa kupapasa, maana kwenye matope huoni kiganja chako.

Ukichomelea, umeme ni DC (mkondo wa upande mmoja) tu, AC (mkondo wa kupishana) inaua. Elektrodi iwe hasi. Ukiigeuza chanya, kishikio kinaliwa haraka. Swichi ya kukata umeme iko juu kwa mwenzako: unasema kwenye simu "washa", ukimaliza "zima", na hubadilishi elektrodi mpaka uambiwe "imezimwa". Huoni mshono, kwa hiyo unaikokota elektrodi ganda likigusa chuma. Maji hupoza mshono ghafla, haidrojeni inabaki ndani, ufa unatokea pembeni mwa mshono hata kama kwa juu unang'aa. Chuma chenye kaboni nyingi ndicho hupasuka zaidi.

Kukata ni hatari kuliko kuchomelea. Oksijeni na haidrojeni hujikusanya chini ya bati au ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja inalipua. Toboa tundu la kutolea gesi upande wa juu kwanza.

Mtu_wa_Gati: Naongeza linaloua wengi: tofauti ya presha. Tundu la sentimita 30 kwa 30, upande mmoja maji yamezidi mita 5, linakuvuta kwa uzito wa karibu kilo 450. Wenzako hawakubandui hapo. Kabla hujashuka, vali za kunyonya maji na propela zifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa msimamizi wa mbizi, siyo kwa injinia wa meli.

Welda_Kurasini: Asanteni sana. Kuna jamaa ananiita Mwanza, vizimba vya samaki. Jedwali la mbizi, la kina na muda wa kukaa chini, ni lilelile?

Arki_Majini: Hapana! Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ya pale ni nyepesi. Mita 18 pale hesabu kama 21. Kwa jedwali la Jeshi la Majini la Marekani, muda wa kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda unashuka kutoka karibu saa moja hadi dakika 48.

Kosa hilohilo lipo barabarani: mtu amezama Dar asubuhi, jioni yuko kwenye basi la Iringa. Ukipanda mlima Kitonga na naitrojeni ya mbizi bado mwilini ni kama umepanda ndege. Subiri saa 24.

Huyo jamaa wa Mwanza muulize: chemba ya presha (ya kutibu mzamiaji aliyeumwa na presha) iliyo karibu iko wapi, na usafiri wa kufika huko ni upi? Akibabaika, usishuke majini.