Dogo anamaliza chuo Marekani kwa gofu, anataka kuwa pro wa klabu. Ni kazi ya maana hiyo?

kaka_mkubwa
Wakuu habari za asubuhi. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho chuo huko Marekani, alienda kwa skolashipu ya gofu, na mzee wetu alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, kwa hiyo mnaweza kupata picha siku anaondoka nyumbani ilikuwaje. Juzi kapiga simu anasema hataki kufukuzia mashindano ya kulipwa, anataka kuwa pro wa klabu afundishe watu. Mama kanuna, eti miaka 4 yote hiyo ukaonyeshe wazee namna ya kushika fimbo?? Wanaoijua hii kazi nisaidieni cha kumjibu.

fimbo_saba
Mwambie mama huyo pro na wale wa kwenye TV ni kazi 2 tofauti. Wa TV akikatwa Ijumaa, yaani alama zake hazitoshi kuendelea wikendi, mara nyingi anaondoka bila zawadi na hoteli kajilipia. Wa klabu ana mshahara, anasimamia duka, anapanga mashindano ya wanachama, na masomo anachaji kwa saa. Ila kucheza chuo peke yake hakumpi kitu, lazima apite PGA ya Marekani, chama cha mapro wa gofu, kuna mtihani wa kucheza, ule wa kawaida ni mashimo 36 siku moja na jumla ya mikwaju isizidi reting ya uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mzuri pale) mara mbili ukiongeza mikwaju 15. Halafu vitabu. Kuna vyuo vinatoa digrii ya kazi hiyohiyo, Ferris State kule Michigan walianza 1975.

nipo_carolina
Nimekuwa asistenti wa pro wa klabu miaka 2 huku baada ya chuo, nikwambie ukweli, hela ya mwanzo ni ndogo. Saa 11 alfajiri unafungua duka, unapanga vigari, unaokota mipira ya mazoezi, na mwenyewe kucheza unacheza mara moja kwa wiki ukibahatika. Kilichonishinda mwanzoni ni kufundisha. Mimi napiga tu, sikuwahi kujiuliza napigaje, sasa akaja mzee mmoja mpira wake kila siku unapinda kulia unaingia majini, nikamjaza maneno mabega kiuno magoti, akazidi kuharibika. Bosi wangu akaja, hakusema kitu, akamzungushia mkono wa kushoto kidogo kwenye mpini mpaka vifundo viwili vya vidole vikaonekana, mpira wa tatu ukanyooka. Mzee alitaka kulia. Mwambie dogo akaanze na watoto, watoto hawavumilii maneno mengi

mtaa_wa_pili
Na Michael Block mmemsahau? Pro wa klabu ya umma California, 2023 akiwa na miaka 46 akaingia PGA Championship, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, uwanja wa Oak Hill, Jumapili kapangwa na nyota Rory McIlroy, shimo la 15 akatumbukiza kwa mkwaju mmoja. Akamaliza nafasi ya 15 sawa na wengine, dola 288,333. PGA huwa wanawatengea pro wa klabu nafasi 20 kwenye hayo mashindano. Mwonyeshe mama hiyo video

fimbo_saba
@mtaa_wa_pili usimdanganye mama wa watu, Block ni mmoja kati ya maelfu 😂. Halafu kaka, dogo asianze kuchukua hela ya kufundisha kabla hajaamua, kwa sheria za gofu ukilipwa kufundisha uridhaa, yaani hadhi ya mchezaji asiyelipwa, umekwisha, labda kwa ruhusa chache.

kaka_mkubwa
Asanteni sana. Nimemsomea mama ile ya mzee na vifundo, kauliza "kwa hiyo saa moja analipwa shilingi ngapi?" Nadhani tunaelekea kuzuri.