Nimelipa dola 2,800 za chumba "kisichosikia jua", nimejengewa tanuri

Wandugu wa Lubumbashi, hasira hii ninayo tangu Julai. Leo, katika Oktoba hii, imenifika shingoni.

Nilitaka chumba kidogo nyuma ya lupango (kiwanja chetu cha nyumba), karibu na mwembe, mita 4 kwa 3, nifanyie humo kazi yangu ya uhasibu, maana ndani watoto hawanipi nafasi. Fundi akanionyesha kwenye simu video za vyumba vya bustani vya Uingereza: mbao safi, kioo kikubwa, kuta zilizojazwa vifaa vya kuzuia joto. "Baba, humu hutasikia jua wala baridi." Nikalipa. Mke wangu alisema tujenge kwa tofali za udongo wa kichuguu kama watu wote. Tuyaache hayo.

Kioo amekielekeza kusini kama kwenye video! Wale wako kaskazini ya ikweta, jua lao wanalitafuta kusini. Sisi Juni na Julai jua letu liko kaskazini, kwa hiyo miezi yote ya baridi kioo changu kilitazama kivuli cha ukuta wa jirani. Kumbe dirisha la pili akalitia magharibi, na jua la saa kumi linaingia lote mpaka mezani.

Jana saa tisa alasiri nimepima: nje kivulini nyuzi 33, ndani 38. Nikapanda, nikang'oa ubao mmoja wa plafo (dari). Tulikubaliana frigoliti (ile nyeupe inayofungiwa televisheni) ya sentimita 5. Nimekuta ya 2, vipande vipande, na penye pengo amechomeka katoni. Katoni ya sabuni, maandishi yake bado yanasomeka. Ile karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto ameigandisha moja kwa moja kwenye bati, wakati inatakiwa itazame nafasi ya hewa. Bila nafasi hiyo joto la bati linapita kama kawaida. Wala hakuna tundu hata moja la kutolea hewa ya moto kule juu. Bati lachomwa na jua, joto lote linashuka kichwani mwangu.

Na usiku wa Julai ilikuwa kinyume. Bati linapoa kuliko hewa yenyewe, mimi nimefunga madirisha nafanya kazi, mvuke wa pumzi yangu na wa chai unageuka maji kule juu, tone, tone, juu ya vitabu vya mteja. Mchwa nao wamekwisha ingia. Frigoliti si chakula chao, lakini wanaitoboa njia kuelekea mbao, ambazo hakuzipaka dawa.

Nilipompigia simu kuhusu baridi, mnajua alinijibu nini? "Baba, ingiza mbabula." Mbabula, jiko la makala (mkaa), ndani ya chumba kilichofungwa! Gesi ya makala haina harufu, mtu analala asiamke. Hapo ndipo nilipojua hajui anachouza.

Sasa hapokei simu. Jina lake siliweki hapa. Ninachotaka: arudishe dola 600 alizoandika kwenye hesabu kama "vifaa vya kuzuia joto", au aje aifanye upya paa yote mimi nikiwa nimesimama pale na futi mkononi.

Jumamosi nang'oa plafo yote. Kama na wewe umejengewa chumba cha kuiga video, ng'oa ubao mmoja, kisha utuambie umekuta katoni ya nini.